Shati la Roswitha

Zipu ilipanda, ikashuka, ikapanda tena nyuma ya kiti changu, kwenye basi linalotupeleka ufukweni sisi wa kambi ya wasiovaa nguo. Nikageuka. Mama mmoja alikuwa amefunga koti hadi kidevuni, na jua lote lile la pwani ya Baltiki.

"Roswitha, ufukweni kwetu nguo marufuku," alisema jirani yake, Heinke wa kamati ya kambi. "Jana ulishinda na shati, watu wamelalamika."

"Miaka yote hii makalio yangu hayakuwakera, leo shati ndilo linawakera?"

Nilijikaza nisicheke. Kwetu aliye uchi haonekani. Aliyevaa ndiye kioja.

"Mwenzangu, titi langu moja limebaki hospitali. Nikivua watanitazama."

"Kwetu hakuna anayetazama watu!"

"Mbona shati mliliona?"

Nusura nimpigie Roswitha makofi.

Basi likasimama. Watu wakashuka na mataulo yao begani, Roswitha asiinuke. Heinke akamshika mkono.

"Ukikaa na shati nitakutoa ufukweni mwenyewe, ndiyo kazi niliyopewa. Lakini atakayekukodolea macho, awe hata mume wangu, naye namtoa. Nakuahidi."