Bi Wapi na Chumba Kisicho na Salamu

Tangu mvua zilizopita nimekuwa nikimdanganya Bi Wapi kila Jumapili. Leo anastaafu, na leo nitaacha. Uongo wenyewe ni wa neno moja, nami nitaufikia kabla sijamaliza. Kwanza nimpe haki yake.

Muuguzi huyu anaondoka kazini leo, tarehe thelathini Juni, baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Karibu yote ameitumia katika chumba cha joto, kile kilicho mwisho wa korido ya wagonjwa wa saratani, baada ya mlango wa kufulia. Mhariri wa jarida la wafanyakazi aliniomba maneno ya furaha yasiyozidi ukurasa mmoja na nusu. Furaha ipo tele. Kuhusu urefu anisamehe, maana mzee akipewa kalamu huishika kama mwingine anavyoshika kipaza sauti kwenye harusi.

Wengi wenu mliajiriwa baada ya mimi kuondoka, kwa hiyo nieleze. Mimi ndiye daktari niliyekifungua chumba hicho. Saratani haipendi joto. Uvimbe ukipashwa kwa saa moja hivi mpaka nyuzi arobaini na mbili au zaidi kidogo, yaani joto la homa kali, seli zake hudhoofika na damu hupita pale kwa wingi. Hapo mionzi na dawa hufanya kazi vizuri zaidi. Joto peke yake si tiba. Ni yule mtu anayeshika ngazi ili mwenzake apande.

Nilihitaji muuguzi wa kukaa na mgonjwa saa yote hiyo. Nilimchagua huyu kutoka wodi ya upasuaji kwa sababu isiyo ya kitaalamu: alikuwa na mdomo. Mkuu wa wauguzi hakubisha. "Mchukue tu, daktari," alisema, "na sisi masikio yetu yapumzike."

Mashine yetu ya kwanza ilikuwa mtumba. Ilikuwa na kichwa mfano wa kifuniko cha sufuria, na kati ya kichwa hicho na ngozi ya mgonjwa tuliweka mfuko wa maji ili ngozi isiungue. Tulipoiwasha, taa za korido zilififia na mashine za kufulia zikasimama, na wafuaji wakapiga kelele, "Haya, jiko limewashwa!" Mume wa Bi Wapi ni fundi wa majokofu. Bi Wapi mwenyewe hupenda kusema kwamba nyumbani kwao hakuna vuguvugu.

Jambo lililomfanya awe Bi Wapi lilitokea mapema, nami nilikuwepo. Alikuja mwalimu mkuu mstaafu mwenye uvimbe pajani, mtu wa adabu, anayekunja leso kabla ya kuirudisha mfukoni. Tulimlaza, tukaweka mfuko wa maji, tukabandika nyaya za kupima joto. Sasa, nyaya hupima pale zilipo tu. Katikati ya waya na waya panaweza kuwaka moto na kipimo kisijue. Anayejua ni mgonjwa. Mimi nilikuwa napita mlangoni kila baada ya muda, nikimwamkia kama ninavyoamkia wakubwa zangu. "Shikamoo, mwalimu. Habari za hapo?" Naye akaniitikia kwa sauti nzuri kabisa. "Marahaba, daktari. Nzuri."

Tulipoinua mfuko tulikuta lengelenge kubwa kama sarafu.

Bi Wapi alishika kiuno. "Mwalimu! Umeungua hivi ukajibu nzuri?"

"Mwanangu," mwalimu akasema, na kweli alikuwa anatuomba radhi sisi, "nimeulizwa habari. Habari hujibiwa nzuri. Ningemjibuje daktari, na ana haraka zake?"

Hakuna mtu wa kulaumiwa hapo. Tumelelewa hivyo sote. Mtu nyumba yake inaungua, jirani akimuuliza habari za asubuhi, atasema nzuri kwanza, ndipo aombe ndoo ya maji. Ni adabu, na nje ya chumba kile ni adabu njema. Ndani yake ilikuwa inatuunguzia watu.

Kesho yake nilikuta kibao mlangoni, kimeandikwa kwa rangi nyekundu iliyochuruzika: HUMU HATUSALIMIANI. HUMU TUNALALAMIKA. Pembeni, nje ya mlango, Bi Wapi aliweka viti viwili vya mbao. Vile vilikuwa vya salamu. Mgonjwa aliketi pale na Bi Wapi, wakasalimiana mpaka salamu ziishe, habari za watoto, za wakwe, za paka mgonjwa. Mlango ukishafungwa, marufuku. Hakuna shikamoo, hakuna hujambo, hakuna pole. Kulikuwa na swali moja tu, lililorudiwa saa nzima kama mtoto anayedai pipi: "Wapi? Wapi panachoma? Wapi?" Mgonjwa akionyesha, alisogeza kichwa cha mashine au alipunguza nguvu, kisha akauliza tena. Aliyekaa kimya alichokozwa mpaka agombe. Tangu siku ile hatukumuunguza mtu mwingine kwa ajili ya adabu, na wagonjwa wakampa jina ambalo leo hata mumewe hulitumia.

Sheria hiyo haikubagua. Siku moja alikuja kiongozi wa serikali kukagua hospitali, na msafara nyuma yake. Akachungulia chumbani akiwa na tabasamu la picha. "Habari za humu ndani?" Bi Wapi hakugeuka. "Mheshimiwa, salamu ziache kwenye kiti. Humu ingia na malalamiko." Mkurugenzi wetu alitamani ardhi ipasuke. Lakini aliyelala kitandani alikuwa muuza vitunguu wa sokoni, tayari ameshapashwa moto wa kulalamika, naye hakungoja kukaribishwa mara mbili. Alianza na mgongo wake, akaja kwenye mto, akamalizia na paa la korido linalovuja. Yule kiongozi alisikiliza mpaka mwisho, masikini, akiwa amesimama. Paa lilitengenezwa kabla ya mvua kuanza.

Baadaye tukapata mashine mpya isiyozima taa za watu, na miaka minane iliyopita, mimi nikiwa nimeshastaafu ila nikiitwa kutoa ushauri, zikaja dawa za majaribio nilizokuwa nimezisubiri tangu ujana. Zilifungwa ndani ya vifuko vya mafuta vidogo kuliko chembe ya vumbi. Vifuko hivyo huzunguka na damu vikiwa vimefumba. Vikipita penye uvimbe uliokwisha kupashwa, mafuta hulainika, na dawa humwagika pale pale, nyingi kuliko ambavyo mwili mzima ungestahimili. Niliwaeleza wagonjwa hayo kwa michoro na mishale, wakaniitikia kwa heshima bila kuelewa kitu. Bi Wapi akawaambia hivi: "Dawa hii ni mgeni mstaarabu. Hapigi hodi mpaka aone taa ya mlangoni. Kazi yangu ni kuwasha taa nyumba moja tu, ile ya mwizi." Nilichana michoro yangu.

Wa kwanza kupewa alikuwa fundi cherehani. Titi lilikuwa limeshaondolewa, ugonjwa ukarudi kifuani, kwenye kovu. Mama huyu alilalamika kwa lugha ya kazi yake. "We Bi Wapi, unanipiga pasi!"

"Wapi?"

"Kwenye kola, kushoto. Rudi, rudi. Hapo sasa umenifuata kwenye mshono. Ukinichoma utanilipa kitambaa!"

Wafuaji walikuwa wakiacha nguo na kuja mlangoni kusikiliza. Uvimbe ule ulisinyaa wiki hadi wiki, na katika picha ya mwisho hatukuuona. Gauni alilovaa Bi Wapi leo, lenye kola ya kijani, limeshonwa na fundi huyo, ambaye nimeambiwa ataketi safu ya pili na bila shaka hatafurahishwa na jinsi lilivyopigwa pasi.

Sitasema wote walipona. Mwalimu mkuu alipata miaka mitatu mizuri, kisha ugonjwa ukamshinda. Mazishini mjane wake, kwa mazoea, alimuuliza Bi Wapi habari za kazi. Nilikuwa karibu nikamsikia akijibu, "Mbaya, mama. Leo ni mbaya sana." Wakakumbatiana. Nadhani ndilo jibu la kweli kuliko yote niliyopata kuyasikia mazishini.

Lakini waliopona ni wengi kuliko tulivyothubutu kutumaini wakati wa mashine ya mtumba, na kila mwaka wanaongezeka. Amewafundisha wauguzi wa hospitali nyingine nne, na nimesikia kwamba mbili kati ya hizo zimebandika kibao kama chetu. Anayemrithi ni muuguzi aliyemlea mwenyewe, mwanamke mpole wa sura ambaye Bi Wapi alimkatalia mwaka mzima, akisema hajui kugombeza. Siku hizi anajua. Ameniuliza "wapi" kwenye simu nikasogeza kiti changu.

Sasa nije kwenye uongo wangu.

Nina miaka themanini na tatu, naishi kwa binti yangu, chumba cha juu, dirisha linalotazama kamba za nguo. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana Bi Wapi hunipigia. "Shikamoo, baba. Hujambo?" Nami humjibu, "Marahaba, mwanangu. Sijambo." Nimelisema neno hilo Jumapili zote hizi huku nimeukandamiza mkono ubavuni. Nilijitetea kwamba simu haimo chumbani mwake, na nje ya chumba salamu zinaruhusiwa.

Sababu nilikuwa nayo. Mara mbili alishaahirisha kustaafu, akaomba mkataba uongezwe kwa ajili ya wagonjwa aliosema hawezi kuwaacha katikati ya njia. Angejua ya kwangu, ingekuwa mara ya tatu, na mumewe ameshanunua tiketi za kwenda kuwaona wajukuu. Hiyo ni nusu ya sababu. Nusu ya pili ni woga. Nimewatobolea watu siri za miili yao kwa miaka arobaini, na wangu nimeufunika kwa "sijambo" kama mtoto aliyejificha chini ya shuka akidhani haonekani.

Ndiyo maana niliomba maneno haya yasichapwe, ila yasomwe leo mbele yenu, mimi nikiwa nyumbani, baada ya funguo kukabidhiwa. Zimeshakabidhiwa. Bi Wapi hana tena chumba cha kurudi, na asijaribu kumnyang'anya mwenzake. Aende kwa wajukuu. Alale mpaka jua limguse miguu. Asiulize mtu yeyote swali lolote kwa mwezi mzima, kama anaweza, na mumewe amwombee aweze. Hospitali inamshukuru, na waliotoka chumba kile kwa miguu yao wanamshukuru kuliko sisi. Maisha yaliyobaki yawe mepesi mkononi mwake.

Mimi binti yangu atanileta Jumatatu. Nitaketi kwenye kiti cha salamu kama wengine, nisalimiane na huyo mrithi mpaka tumalize, kisha niingie. Kama joto litanifaa au halitanifaa, wataamua wanaojua mambo ya sasa. Siombi miujiza, ila nimeona mengi katika chumba kile, na sijakata tamaa.

Bi Wapi, hukuniuliza vile unavyowauliza wengine, kwa sababu ya heshima. Basi nijifanye umeniuliza. Si nzuri, mwanangu. Hapa, chini ya mbavu za kulia, pana uvimbe nilioupapasa kwa vidole vyangu mwenyewe, na panachoma.