Bwana Nadhir na Maji Aliyomnywesha Mtawa

Marehemu Nadhir bin Hashil, tuliyemzika juzi hapa Mudhaibi, alizaliwa Tabora tarehe 12 Machi 1952, mtoto wa kwanza wa Bwana Hashil na Bibi Khole, akasoma chuo cha Kurani na skuli hukohuko hadi darasa la nane, akaja Oman na wazazi wake Juni 1975, akiwa hajui Kiarabu cha kuombea maji.

Tarehe 1 Februari 1977 aliajiriwa serikalini, fundi wa pampu za maji, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2012, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa karakana moja na Bwana Narasimhulu, Mhindi wa kabila la Watelugu, aliyemfunza lugha yake, naye akamfunza Kiswahili, wakawa chanda na pete. Mwaka 1979 alimwoa Bibi Hamda, wakajaaliwa Mazoon, Yazeed na Hala.

Novemba 2018 watu wa filamu walikuja Al Qabil kupiga picha za jangwani za filamu ya Kitelugu, ya maisha ya mtawa wa Kihindu, na Narasimhulu akawapelekea Nadhir, wakampa nafasi ya mzee Mwislamu anayemnywesha mtawa aliyekaribia kufa kwa kiu, mwenye sentensi nne, ambazo aliziandika kwa herufi za Kiarabu nyuma ya kalenda, akizisema hata anapopika kahawa, hadi Bibi Hamda naye akazihifadhi, na siku ya kupigwa picha akazisema zote.

Ijumaa, tarehe 9 Agosti 2019, aliwachukua watu kumi na wanne, kwa gari tatu, mpaka sinema ya Sur, akiwa na kilemba kipya, na saa mbili na nusu zikapita, mtawa akashikwa na kiu, akanywa, na mzee hakuwepo, wala taa zilipowashwa Nadhir hakuinuka, akisema huenda kipande chake bado kinakuja. Ilimuuma mno. Aliamini Narasimhulu alijua, akamwacha aaibike mbele ya wajukuu zake, na toka siku ile hakumpokelea simu.

Alianza kuugua figo Januari 2023, akatibiwa Ibra, ambako Narasimhulu alikuja mara tatu, na mara zote tatu Nadhir aligeukia ukutani, mpaka alipofariki Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa kumi alasiri.

Alisalitiwa kweli, lakini si na huyo. Aliyewapigia simu watu wa filamu, akawaambia ukoo hautaki mzee wao aonekane akimhudumia mtawa wa Kihindu, na Nadhir mwenyewe hakuulizwa, ni mdogo wake, Hazim, huyu anayewasomea, aliyeogopa maneno ya sablani, barazani kwa wanaume wa ukoo, kisha akapanda gari ya kwanza kwenda Sur, akakaa ubavuni mwake. Narasimhulu aliambiwa baadaye na watu wa filamu, akanyamaza miaka sita ili ndugu wasigombane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Ibra, majirani waliotupikia siku hizi tatu, wafanyakazi wenzake wa zamani, na Bwana Narasimhulu, aliyekaa pale mlangoni, ambaye Hazim hana uso wa kumtazama.

Pumzika kwa amani, kaka Nadhir, si yeye, ni mimi.