Daktari Aliyekosea Sikio

Benchi la Mama Leonida, muuza kahawa, lilikuwa mkabala na lango la hospitali ya misheni, ng'ambo ya barabara iendayo Ngorongoro, na aliyeketi hapo asubuhi aliwaona wote walioingia wakichechemea na wote waliotoka wakitembea. Ilikuwa Septemba ya mwaka 1999. Kila gari la watalii lililopita lilimwaga vumbi, na Mama Leonida alifunika vikombe kwa kiganja bila kukatiza maneno yake. Mwishoni mwa benchi, fimbo katikati ya magoti, aliketi mzee Parmuat, mfugaji kutoka huko juu. Sikio lake la kushoto lilikuwa na ndewe ndefu iliyoning'inia hadi karibu na bega, kama ya wazee wote wa rika lake. La kulia lilikuwa dogo na nadhifu, kama la karani wa halmashauri. Watu wa benchi walishalizoea. Mwenyewe hakuwa amelizoea. Kabla ya saa nne asubuhi hiyo ilimpasa kutia dole gumba kwenye karatasi ili mjukuu wake Nosim, wa miaka tisa, apasuliwe mkono, ama amchukue warudi nyumbani. Baba wa mtoto alikuwa mbali, akichunga ng'ombe. Neno lilikuwa la babu.

— Mzee, usikimbilie kukubali — alisema Dennis, dereva ambaye gari lake lilikuwa na siku ya tatu gereji, na ambaye kijiwe kilimwita Redio. — Huyo Dakta Elirehema namjua nje ndani. Ngozi anayobandika watu unajua anaitoa wapi?

— Pajani kwa mgonjwa mwenyewe — alijibu Raphael, mshona mahema ya kambi, aliyeitwa Turubai. — Anachuna kiraka chembamba, anakishonea palipoungua. Kazi yangu hiyohiyo, ila hema halilii.

— Hayo ndiyo mnayoambiwa getini. Jamaa ana friji. Ngozi zimepangwa humo kwa rangi, kama vitenge dukani.

— Uliliona?

— Nimelisikia likinguruma.

— Hilo ni la maziwa ya masista, Redio — alisema Mama Leonida. — Mimi ndiye ninayewauzia.

Redio akapiga funda, akabadili njia.

— Haya. Mtu amesoma Dar, akapelekwa Uhindi miaka minne. Wenzake wanawapunguza wakubwa vitambi, wanajenga maghorofa. Yeye kila Septemba anapakia vyombo kwenye pikapu mbovu, anakuja kushona watoto walioangukia moto. Kwa nini?

— Kwa sababu wameangukia moto — alisema Turubai.

— Anajifunzia kwetu, kaka. Kuna jambazi mmoja wa Namanga alipewa sura mpya na huyuhuyu. Akapita mbele ya polisi, wakamsaidia na mzigo. Alipofika kwake, mkewe akampa chai kama mgeni, akamwambia mume wangu hayupo, ngoja hapo nje.

— Kama ni fundi wa sura kiasi hicho — aliuliza Mama Leonida — ile yake mbona ameiacha vile?

Kijiwe kikacheka. Parmuat hakucheka. Alilishika sikio lake la kulia, kama alivyozoea alipofikiri, na Redio akaliona.

— Muulizeni mzee basi. Yeye anavaa ushahidi kichwani.

Jambo hilo halikuwa likisemwa mbele yake.

— Ni kweli — alisema Parmuat taratibu. — Ndama alivuta kamba, ndewe ikakatika. Nikaja hapa iungwe, ining'inie tena. Siku hiyo palikuwa na foleni ya vijana wetu, watano, wanataka ndewe zao zifupishwe na kuzibwa ili wapate kazi hotelini. Nikakaa nyuma yao. Daktari akazishona za vijana, akanikuta nami nimekaa, akaiziba yangu. Vizuri sana. Nilipofika kwenye kikao cha wazee, upande mmoja walimwona Parmuat, upande wa pili mwanafunzi.

— Si nilisema? — Redio alianza.

— Sijamaliza. Aliposikia, alikuja bomani kwetu. Gari lilizama korongoni, akatembea saa mbili. Akasimama mbele ya rika langu, akasema: nimekosea, nilimwona mzee kwenye foleni, sikumuuliza. Akataka kuifungua upya. Nilikataa.

— Kwa nini, mzee wangu? — aliuliza Mama Leonida.

— Niliogopa sindano.

Alilisema bila aibu. Ambalo hakulisema ni kwamba usiku kucha alikuwa ameutazama mkono wa Nosim, vidole vimekunjamana na kugandana na kiganja tangu alipoangukia jiko akiwa wa miaka mitatu. Sikio lililokosewa lilikuwa la mzee ambaye maisha yake yalikwisha kupita. Mkono ukikosewa, ulikuwa wa mtoto.

Saa tatu na nusu muuguzi Veronika alivuka barabara na karatasi na kidau cha wino.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Umefuata kidole.

— Bado. Dakta amekataza nisikichukue kabla ya jibu. Ngozi ya kupandikiza haitoshi vidole vyote kwa mara moja. Akianza na gumba na cha pili, mtoto atashika kitu kidogo. Akianza na hivi vitatu, atashika kitu kinene. Vingine mpaka mwakani. Anauliza, mkono huu ufanye nini?

— Uandike — alisema Redio upesi. — Dunia ya sasa ni kalamu.

— Ushike sindano, ushone — alisema Turubai.

— Mwiko. Atapikaje? — alisema Mama Leonida.

— Ukamue — alisema Parmuat. — Msichana wetu asiyekamua ataonekana mgeni kwao.

Veronika aliwasikiliza wote, kalamu mkononi, asiandike kitu.

— Hayo mnayataka ninyi. Nosim mwenyewe anataka nini?

Parmuat alitafuta jibu katika miaka sita yote, jioni zote walizoketi pamoja na huyo mtoto, asilipate. Alikuwa amemlisha, amembeba, amewafukuza waliomcheka. Kumuuliza, hakuwahi hata mara moja.

— Wino wako utakauka? — alimwuliza muuguzi.

— Una kifuniko.

— Basi uufunike. Kidole nitakutilia, nimekubali. Ila kwanza nifike wodini.

Akavuka barabara peke yake, kahawa ikiwa bado nusu. Nosim alikuwa kitandani karibu na dirisha, mkono ameuficha chini ya shuka kama siku zote. Mzee aliketi sakafuni, uso wake ukawa chini ya uso wa mtoto, akamwuliza kwa Kimaasai mkono huo aliutakia kazi gani.

Mtoto alimgeukia.

— Ni daktari anauliza, babu?

— Daktari ndiye aliyeanza — alisema mzee. — Sasa nauliza mimi.