Fundi Aliyemnywesha Mama Mkwe Maji ya Chooni

Nyinyi mliohamishiwa vituo vingine mkasahau njia ya kurudi, someni hapa kwa aibu. Mmekaa kimya kama mliokatwa ulimi, mpaka jarida ndilo liwaambie kwamba tarehe thelathini Juni fundi wetu mkuu wa bomba anastaafu, baada ya miaka thelathini na miwili. Mlimwita Mzee Tone, kwa kuwa hakukubali hata tone moja lipotee. Kwangu mimi, mpishi wa kituo hiki cha majaribio ya maji, ni mwenzangu wa kazi na tena ni mkwe. Alimwoa binti yangu wa pili na amemtunza vizuri, ingawa anakoroma kama jenereta.

Alianza kwa kuzibua masinki. Kisha wahandisi wakaleta mtambo ulioigwa kwa wasafiri wa anga. Huko juu hakuna mto wala kisima, kwa hiyo jasho, maji ya kuogea na mkojo hukusanywa pamoja, vikachujwa, vikachemshwa hadi mvuke, vikarudi kikombeni vikiwa maji safi. Wahandisi walisema mvua imeanza kutuhepa, na siku moja mtaa utauhitaji mtambo huo. Sisi tuliziba pua. Mzee Tone akaupenda papo hapo, na pampu yake akaiita Bibi Harusi, maana haikuwaka bila kubembelezwa.

Mapenzi hayakosi ajali. Mwaka ule ule aliunganisha bomba la maji ya kufulia na la jikoni kwangu, chai ikatoka na povu. Meneja alikunywa vikombe viwili akayasifu maziwa. Kicheko kiliruka ukuta kikafika sokoni, na mtaa mzima ukaapa kwamba maji yetu hayatapita koo la mtu.

Basi ukame ukaja. Visima vikatoa tope, watoto wakaharisha, na mtambo wetu ukawa unatoa maji safi yasiyo na mnywaji. Makao makuu wakasema mtaa usipoyanywa, mtambo unang'olewa. Meneja akashauri tuwaambie watu kwamba ni maji ya kisima kirefu. Mzee Tone, ambaye hajawahi kubishana na mkubwa hata juu ya likizo yake mwenyewe, alikataa. Alisema mtu aliyedanganywa hunywa mara moja tu.

Watu wakaitwa, wakaja na ndoo tupu na midomo iliyojaa maneno. Mzee Tone alikunywa mbele yao. Wakacheka, wakasema mtu aliyempa bosi wake povu anaweza kunywa chochote. Ndipo akaja mlangoni kwangu jikoni. Tangu siku ya harusi hakuwahi kunitazama usoni. Hata chumvi aliniomba akiwa ameelekea ukutani. Siku hiyo aliinua macho, akanishikisha glasi kwa mikono miwili, umati wote ukiona.

"Mama," alisema, "haya yametoka chooni. Nimeyasafisha mwenyewe. Yakiwa na ubaya, mchukue binti yako."

Pale kila mtu alikuwa na mkwe, na alijua kwamba unaweza kumfanyia mzaha meneja, lakini si mama wa mkeo. Mimi nilitazama glasi, nikamtazama yeye. Nikamwambia binti simtaki, anakula sana. Kisha nikanywa mpaka mwisho, nikamrudishia glasi.

"Ongeza," nikasema.

Muuza nyanya mmoja, ambaye ndiye aliyeongoza kicheko, akasukuma ndoo yake mbele. Nyuma yake foleni ikatoka hadi getini. Mtambo haukung'olewa. Leo mitaa ya jirani nayo ina yake, na mafundi wake wote walifundishwa na Mzee Tone, pamoja na somo la kutogusa bomba la jikoni.

Mkwe wangu, asante. Ulinipa maji machafu yakiwa safi na ukweli ukiwa mzima. Nenda kapumzike, ule ushibe, ulale usingizi mnono, na Mungu ampe binti yangu masikio mazito.

Na wewe unayesoma, ukija kutusalimu usibebe chupa ya maji ya dukani, nitaimwaga kwenye maua. Utakunywa ya kwetu. Na kabla hujaondoka pitia chooni, maana hatumruhusu mgeni kuondoka na mali ya kituo.