Nusu ya Pili ya Kitabu cha Penseli

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tuliyemleta hapa leo alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Wa pili ni mdogo wake wa kike, ndiye huyu anayewasomea wasifu huu.

Baba yao alikuwa mpagazi wa stesheni tangu enzi za wakoloni. Kadi yake ya kazi aliihifadhi ndani ya kopo la majani ya chai, na kila mgeni alionyeshwa, kwa sababu chini yake msimamizi Mzungu alikuwa ameandika maneno kwa lugha ya kwao, na mzee, asiyejua kusoma, aliamini ni sifa. Siku moja marehemu, akiwa darasa la sita, aliitwa awasomee wageni. Akasoma: “Mvivu, ila anaboresheka.” Mzee akasema, “Soma vizuri, umekosea.” Mtoto akajibu, “Sijakosea, baba.” Mzee alilifunga kopo, akawaambia wageni chai inapoa. Kadi ile haikuonyeshwa tena.

Alisoma shule ya msingi ya jirani na soko, kisha sekondari ya bweni kuanzia 1976 hadi 1981, na chuo kikuu, alikohitimu historia mwaka 1985. Huko ndiko alikopata jina la Penseli. Alikamatwa maktabani akisahihisha vitabu vya watu kwa penseli. Mkutubi alipomfokea, alisema, “Mama, mimi kosa nimelikuta humohumo.” Alifungiwa maktaba muhula mzima, jina likabaki.

Tarehe 4 Mei 1987 aliajiriwa kuwa msahihishaji katika kampuni ya kuchapa na kutoa vitabu, akakaa meza ileile, karibu na mashine ya kukata karatasi, miaka thelathini na mitano na ushei. Mwanzoni ilikuwa vitabu vya shule. Baadaye vikaja vya mafanikio: namna ya kuamka mapema, kuwa mbunifu, kujiuza, kujipenda, kujituma. Vilipita mezani kwake kwa mamia. Alivisoma vyote herufi kwa herufi, maana ndiyo kazi, na kila alipofunga kimoja alisema, “Msimamizi wa baba bado yuko kazini.” Wenzake walidhani ni mzaha.

Haukuwa mzaha. Tarehe 12 Desemba 1992 alimwoa fundi cherehani mwenye ulimi mkali, Mungu amtunze, na katika ndoa ile mume aliamka saa kumi alfajiri miaka tisa mfululizo kuandika kitabu cha kuwasema wanaoamrisha watu waamke saa kumi alfajiri. Mkewe alikuwa akimwambia, “Baba watoto, wamekupata hata wewe.” Alicheka, akaendelea kuandika.

Kitabu kiliitwa Nani Anaboreshwa? Kila sura ilikuwa na nusu mbili. Katika nusu ya kwanza aliiga sauti ya wahubiri wa mafanikio, kwa ufundi wote aliokuwa nao. Katika nusu ya pili aliivua nguo sauti hiyo: nani aliianzisha, mashamba gani na maghala gani yalijengwa kwayo, na kwa nini kila himaya huwaita wavivu wale inaowafanyisha kazi. Hata ubunifu, aliandika, siku hizi umepewa kadi ya kazi. Mdogo wake, aliyekuwa mpiga chapa mahakamani, ndiye aliyeupiga chapa mswada wote.

Meneja wa kampuni aliusoma kwa siku mbili, akamwita. “Mzee Penseli, hizi nusu za kwanza ni dhahabu. Hizo nyingine zimenuna. Tuzitoe.” Marehemu alikataa wiki tatu nzima. Ndipo mdogo wake alipomkalisha jikoni akamwambia, “Kaka, heri nusu shari kuliko shari kamili. Wakishalijua jina lako, nusu ya pili watakuja kuiomba wenyewe.” Alitia saini Ijumaa, tarehe 2 Oktoba 2009. Aliyempa ushauri huo amesimama mbele yenu, na hana pa kuuweka uso.

Kikatoka nusu, kwa jina jipya: Amka Ujiboreshe. Ole wetu! Kilichapwa mara kumi na moja. Watu walimkumbatia benki, walimsimamisha barabarani, na kijana mmoja aliyefukuzwa kazi alimshukuru kwa machozi kwa kumfundisha kuwa kosa ni lake mwenyewe. Siku hiyo marehemu hakula. Alisema, “Nimemwiga mwizi vizuri mpaka nimepewa funguo.” Sentensi iliyopendwa kuliko zote ni ya sura ya nne: “Utapumzika kaburini.” Kampuni iliipaka rangi nyekundu ukutani, juu ya daftari la kusaini kuingia kazini, na mwandishi wake akapita chini yake kila asubuhi. Nusu ya pili hakuna aliyekuja kuiomba.

Januari mwaka huu wa 2023 alianza kubanwa kifua. Tarehe 20 Februari daktari wa hospitali ya wilaya alimwandikia mapumziko ya wiki sita. Alipeleka karatasi kwa meneja. Meneja hakuisoma. Alinyoosha kidole ukutani: “Ah, Mzee Penseli, hata wewe? Si mwenyewe uliandika?” Chumba kizima kikacheka, na marehemu akacheka nao. Fundi wa mashine, aliyekuwepo, anasema alicheka huku ameshika ukingo wa meza. Kisha akarudi kukaa.

Aliaga dunia Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, saa nne na robo asubuhi, mezani pake, akisahihisha toleo la kumi na mbili la kitabu chake.

Ndugu waombolezaji, mnaofuatilia kwenye vijitabu mmeshaona mmepotea. Msihangaike kutafuta. Kampuni ilijitolea kutuchapia bure, ikapelekewa wasifu mzima, na ikarudisha vijitabu vizuri vya rangi vyenye nusu yake: kuzaliwa, shule, ndoa, na “alipenda kazi yake”. Tuliviona asubuhi hii. Baba mdogo alisihi, “Mwanangu, msibani si mahali pa ugomvi. Soma kilichochapwa.” Baba mdogo, shikamoo, na unisamehe. Mdogo wa marehemu alishawahi kukubali nusu mara moja.

Fundi wa mashine ameleta ukurasa uliokutwa chini ya mkono wa marehemu kabla haujatupwa. Ni ukurasa wa sura ya nne. Baada ya “Utapumzika kaburini”, marehemu aliweka ile alama ya wasahihishaji ya kuingiza maneno yaliyoachwa, na pembeni, kwa penseli, akaanza kuyarudisha yale yaliyokatwa. Mwandiko unapanda na kushuka, lakini unasomeka:

“Utapumzika kaburini, anakwambia aliyepumzika tangu asubuhi, na kiti alichokalia ni mgongo wako. Baba yangu hakuwa mvivu. Alikuwa amechoka. Aliyeandika kwenye kadi yake alijua tofauti, ila”

Anaishia hapo. Mwisho wa sentensi hiyo, pamoja na sura zote kumi na mbili, umo kwenye mswada ulio ndani ya kopo la majani ya chai nyumbani kwa mdogo wake. Anayetaka kuusoma aje mchana wowote, mlango uko wazi.

Marehemu ameacha mke, binti mmoja ambaye ni muuguzi, mtoto wa kiume ambaye ni fundi umeme, wajukuu watatu, baba mdogo, na mdogo wake huyu. Ameacha pia meneja, aliyeketi safu ya pili, karibu na shada lake.

Wiki sita alizoandikiwa na daktari hakupewa hata siku moja. Apewe leo, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Apumzike kwa amani, kaka yetu, maana alichoka.