Kioo Kwenye Ufa wa Halvar Bohlin

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi wa ofisini mliokaa nyuma karibu na mlango, haya ndiyo maisha ya Halvar Bohlin, kama anavyoyasoma dada yake Svea, aliyemzidi miaka minne na maneno mengi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, Lysekil, mtoto wa mchonga mawe, akasoma hapo hapo, kisha akaja Gothenburg kusomea uhandisi, akafuzu Mei 1965 kwa alama ambazo mama yetu alizitangaza dukani, kanisani na kwa watu wasiouliza.

Agosti mwaka huo alianza kazi ya kuchora misingi katika udongo wetu huu laini kama uji, ambamo jengo halisimami mpaka nguzo zizamishwe chini na vichwa vyake vifunikwe kofia nene ya zege, akamuoa Gunborg tarehe 20 Septemba 1969, wakajaliwa binti mmoja, Ylva, na tarehe 1 Juni 1979 akatia saini mchoro wa kofia za jumba la ghorofa sita karibu na mto.

Mwaka 1989 ilikuja njia mpya ya hesabu, inayoiona kofia kama kenchi ya paa, zege likisukuma kwa mshazari kwenda kwenye nguzo na nondo za chini zikivuta zisiachane, na hapo Halvar akaona kwamba nondo huvuta kwa nguvu zote mpaka mwisho, ilhali yeye alizikatia juu ya nguzo bila kuzikunja, kama mtu anayeshika kamba kwa ncha za vidole, akamwambia mkuu wake, akajibiwa, "Jumba limesimama miaka kumi, Halvar, kanywe kahawa."

Oktoba 1993 akanunua nyumba ya ghorofa ya chini katika jumba hilo hilo, Gunborg akamwambia, "Wenzako huzeeka na mashua, wewe umeninunulia kaburi lenye jiko," akahamia naye hata hivyo, Ylva hajawahi kulala mle, na kila Jumapili kwa miaka thelathini marehemu alishuka stoo ya chini kutazama kipande cha kioo alichokibandika juu ya ufa wa ukuta, kwani ufa ukitembea kioo huvunjika.

Novemba 2023 saratani ya kongosho ilimfanya ashindwe kushuka ngazi, Gunborg akawa anashuka badala yake na kurudi na neno, "Kizima, mzee wangu," hata Jumapili ya tarehe 28 Januari 2024, alipokikuta vipande viwili, akapanda, akavua viatu taratibu, akasema, "Kizima," naye marehemu, ambaye siku zote aliuliza upana wa ufa, siku hiyo hakuuliza, akafariki tarehe 3 Februari alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa ofisini kwa shada kubwa kuliko jibu lenu la mwaka 1989, na majirani wa ghorofa zote sita, ambao Gunborg alishindwa kuwaambia kwamba kioo kimevunjika, barua tumeiandikia ofisi mara mbili, jibu hakuna, na kahawa itanywewa hapa kanisani, si nyumbani.

Pumzika, mdogo wangu. Kioo ni kizima.