Mguu Mmoja, Timu Mbili

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe kwa makofi yenu, na mimi nimsifu kwa miguu yote miwili, maana leo nimetembea kutoka nyumbani mpaka hapa bila fimbo. Kwa wageni ambao hawanijui, mimi naitwa Ekisa, nacheza mpira kwa timu yetu ya hapa Malaba, upande wa kushoto. Wengine mnanijua kama yule mchezaji wa kubebwa. Chekeni tu, ni kweli. Kuna msimu nilitolewa uwanjani kwa machela mara nyingi kuliko nilivyofunga mabao.

Mnafikiri nimesimama kushuhudia habari ya goti. Goti litakuja. Lakini Bwana alinitoa kwanza katika uongo, na uongo huo ulikuwa karibu kumfukuza mtu nyumbani kwao.

Nianze na raha, maana nisipowaambia raha hamtaelewa dhambi. Nikiwa uwanjani, dunia hunyamaza. Malori yamepanga foleni mpaka macho yanachoka, madereva wanapiga honi, wabadilishaji pesa wanaita wateja, lakini mpira ukipaa na kuanza kushuka polepole upande wangu, sisikii kitu. Jua linakaa juu ya nyasi, watu kando ya uwanja wanafungua midomo bila sauti, na mimi ninaelea. Ndugu zangu, sijawahi kunywa kitu kitamu kama ile dakika. Nilitaka iwe kila siku.

Sasa, shangazi yangu Amoit, dada ya marehemu baba, alirudi kwetu mumewe alipofariki. Hujikimu kwa kupika ajon, ile pombe yetu ya wimbi ambayo watu huinywa wakizunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Wateso hapa mnajua, chungu kina adabu zake. Mrija hushikwa kwa mkono wa kulia. Siku moja nilitoka mazoezini nimechoka, nikakaa na wazee, nikashika mrija kwa kushoto bila hata kufikiri. Shangazi akapaza sauti mbele ya wote.

“Wewe Ekisa! Mkono gani hiyo unaweka kwa mrija? Hiyo kushoto yako itakuletea shida siku moja!”

Wazee walicheka. Mimi niliona aibu, nikatupa mrija nikaondoka zangu.

Jumamosi ya wiki hiyohiyo nilikuwa nakimbilia kona, mguu wangu wa kushoto ukaingia kwenye shimo la fuko. Kifundo kikavimba. Baada ya wiki tatu nikarudi, msuli wa nyuma ya paja ukachanika. Wa kushoto. Ukapona, ukachanika tena. Kisha nyonga, kushoto. Mwisho goti, kushoto, nikalala chini nikiangalia mawingu yanapita kuelekea Tororo, nikasikia wenzangu wakinong'ona juu ya kichwa changu.

“Boss, hii mguu imefungwa. Hii si ya kawaida.”

Na mimi nikasema nani ameifunga. Nilisema jina la shangazi yangu, ndugu zangu, kwa mdomo huu ambao sasa unaimba hapa mbele yenu. Nilisema pale uwanjani, nikasema nyumbani, nikasema kwa kinyozi. Mama akaacha kula kwake. Kaka zangu wakaanza kukumbuka mambo, mara ng'ombe aliyekufa, mara mtoto aliyekohoa. Ikakubaliwa kwamba ukoo ukae Jumamosi, na kama nitathibitisha mbele ya wazee, shangazi afunge virago. Mtu mzee, mjane, hana mtoto wa kumpokea. Lilihitajika neno moja tu kutoka kwangu. Nilikubali kulisema.

Sasa sikilizeni jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Kila Jumamosi nilicheza Malaba. Jumapili, wakati ninyi mko hapa mnaimba, mimi nilikuwa navuka mto pale penye maji ya magoti, viatu shingoni, nikaenda kuchezea timu nyingine upande wa Uganda. Kule jina langu lilikuwa Opio. Sisi watu wa mpaka tumezoea, mtu ana ndugu pande zote mbili, ana shamba pande zote mbili, kwa nini asiwe na jina pande zote mbili? Kocha wa hapa alinipa Jumapili nipumzike. Kocha wa kule alinipa Jumamosi nipumzike. Nilipewa siku mbili za mapumziko kila wiki na sikupumzika hata moja! Siku zilizobaki nilikuwa nabeba magunia kwenye yadi ya malori, natafuna mairungi, ile miraa, ili macho yasifumbe. Nikiambiwa nikae nje mwezi mzima, nakaa nje Malaba, na wiki ya pili Opio yuko uwanjani na bandeji ndani ya soksi.

Daktari mmoja aliniuliza nacheza mechi ngapi kwa wiki. Nikamwambia moja. Akaniangalia kidogo, akaandika moja.

Mnaona nilivyomhitaji shangazi? Kama ni yeye, basi si mimi. Kama ni mkono wake, basi ninaweza kubaki na timu zangu mbili na majina yangu mawili, na nikiuguza mguu kila mtu anihurumie. Nilikuwa mwoga, ndugu zangu. Mwoga mwenye mbio!

Alhamisi kabla ya kikao nililala mchana, goti limevimba, mlango wazi. Nikasinzia. Nikajiona nimesimama kwenye uwanja mkubwa usio na mistari. Ukungu ulikuwa mwingi, ule wa asubuhi kando ya mto, na mpira ulikuwa hewani, haushuki. Chini yake nilikuwepo mimi, wawili. Mmoja jezi ya buluu, mmoja jezi nyekundu. Tulikuwa tunakimbia na tumechoka sana, tunachechemea mguu uleule, na hakuna aliyekuwa tayari kusimama kabla ya mwenzake. Halafu nikasikia mtu katikati ya uwanja. Sikumwona uso. Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa kama ya mtu aliyengoja mchezo uishe ili aende nasi nyumbani.

“Wote wawili,” akasema, “kaeni chini.”

Tukakaa. Haleluya! Nyasi zilikuwa baridi. Nikahisi mguu wangu umekuwa mzito na mtulivu, na nikalala usingizi ndani ya ule usingizi, usingizi ambao sikuwa nimeuonja kwa miaka. Nilipofungua macho, mto wa kitanda ulikuwa umelowa machozi. Nikajua ni Bwana. Sikuhitaji mtu anifasirie. Alikuwa ameniita pamoja na yule mwenye jina ambalo mama hakulijua, na hakunifukuza.

Nikachukua fimbo nikaenda kwa shangazi. Si mbali, lakini siku hiyo njia ilikuwa ndefu, mahindi yamenyamaza huku na huku, na kila hatua nilitamani kurudi. Nikamkuta ameketi mlangoni. Karibu naye palikuwa na magunia mawili yamefungwa, na sufuria zake zimefungwa kwa leso. Nilikuwa nimeandaa maneno. Yeye akaanza.

“Nimesikia Jumamosi mnakaa juu yangu. Usiumize kichwa. Kama mimi nikitoka na mguu yako ipone, wacha nitoke. Wewe bado kijana.”

Ndugu zangu! Mtu niliyemwita mchawi alikuwa tayari kulala njiani ili mimi nicheze mpira. Nilianguka pale. Nilimwambia yote, mto, Opio, mairungi, bandeji, daktari. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Kumbe wewe ni watu wawili na unakula chakula ya mmoja?” Akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio, na tukalia wote wawili mpaka kuku wakatukimbia. Jioni hiyo nilifungua magunia yale kwa mikono yangu, nikarudisha sufuria moja moja mahali pake.

Jumamosi nilisimama mbele ya ukoo nikasema ukweli. Kaka zangu walikasirika kuliko kama ningesema nimeua. Kocha wa hapa alinifungia msimu mzima. Kocha wa kule alimtafuta Opio siku kadhaa, nikampelekea habari kwamba Opio hayupo tena. Nikakaa. Mchana nikalala. Mairungi nikaacha, na kuacha hakukuwa rahisi, msidanganywe. Nilirudi kwa daktari yule nikamwambia arekebishe alichoandika, na mazoezi aliyonipa nikayafanya hata yaliponichosha roho.

Watu huniuliza kama majeraha yalitokana na maisha yangu au ni bahati mbaya. Nitajibu kwa haki. Shimo la fuko lilikuwa bahati mbaya. Fuko hakunijua, alikuwa kazini. Lakini yale mengine yote niliyachimba mwenyewe. Na sisemi goti limekuwa jipya. Mvua ikikaribia Malaba linajua kabla yangu. Ila nimerudi uwanjani, Jumamosi peke yake, na ile dakika ambapo mpira unashuka na dunia inanyamaza bado ipo. Bwana hakuniondolea. Nilidhani nitaipoteza nikisema kweli, kumbe ilikuwa inaningoja nipumzike.

Namshukuru Bwana aliyenijia katika usingizi wa mchana. Namshukuru mama kwa kusamehe. Na wewe unayesikiliza, kama umechoka na unamtafuta wa kulaumu, mwamini Bwana kwa huo uchovu wako. Mwambie jina lako lile lingine. Hatakufukuza.

Neno la mwisho. Shangazi Amoit yuko hapa leo. Bado anapika ajon, hayo mniachie mimi na Bwana. Amekaa kwenye benchi la nyuma karibu na mlango, peke yake, na mimi najua sababu. Tangu nimtaje uwanjani, kuna watu hapa ndani ambao hawajamsalimu. Mimi nimetangaza kwamba nilisema uongo, lakini siwezi kumsalimu kwa niaba yenu. Baada ya ibada mtataka kuja kuniuliza habari ya goti. Msije kwangu. Nendeni pale nyuma, mmoja mmoja, mkampe mkono.